Mshahara wa Askari: Je, Kuutaka ni Dhambi?



Swali la leo si langu. Ni la mdogo wangu. Tulikuwa nyumbani Kyela, jua kali, tunageuza kokoa iliyoanikwa. Amemaliza kidato cha nne na anasubiri JKT watangaze nafasi za kujitolea, akitumaini kwamba huko ndiko mlango wa kuingilia Jeshi la Wananchi. Akaniambia wazi: "Kaka, mimi nataka jeshi kwa sababu ya mshahara. Hiyo ni dhambi?"

Nikajibu harakaharaka, kama wakubwa tunavyojibu: jeshi ni wito, si mshahara. Akacheka. "Na ualimu je, kaka, si wito? Mbona mwezi uliopita ulinuna wiki nzima kwa ajili ya mshahara?"

Jamani, nilinyamaza. Tangu siku hiyo swali halijaniacha.

Tuanze na Injili. Katika Luka 3:14 askari wanamwuliza Yohane Mbatizaji wafanye nini. Hakuwaambia waache jeshi. Aliwataka wasimnyang'anye mtu, wasimsingizie mtu, na waridhike na mshahara wao. Ni mambo matatu, lakini ukiyatazama vizuri ni moja: mwenye silaha asijilipe mwenyewe. Mshahara usipotosha, mwalimu kama mimi atanuna tu. Askari ana bunduki, na kishawishi chake ni kizito zaidi.

Nchi yetu inalijua hilo. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, ambayo leo ni Lugalo. Walidai mshahara upandishwe na maofisa Waingereza waondoke, nafasi zao zishikwe na Waafrika. Wiki hiyohiyo askari wakaasi Jinja kule Uganda na Lanet kule Kenya. Mwalimu Nyerere akalazimika kuomba msaada wa Waingereza walewale, na tarehe 25 makomando wao wakayazima maasi. Jeshi lile likavunjwa, na 1 Septemba 1964 ikazaliwa JWTZ.

Madai yale hayakuwa ya kipuuzi. Uhuru ulishapatikana tangu 1961, na askari bado anaamriwa na ofisa wa mkoloni! Lakini yalipodaiwa kwa mtutu, maduka yakaporwa na watu wakafa. Dai la haki likageuka kuwa hofu ya raia asiye na kosa.

Na si mambo ya zamani tu. Aprili 2021 vijana 854 wa JKT walisitishiwa mikataba baada ya kugoma wakidai kuajiriwa jeshini. Nidhamu ilivunjwa, ni kweli. Lakini ni nani kati yetu asiyeielewa kiu ile ya ajira?

Basi askari anyamaze tu, hata iweje? Hapana. Tusilichukue neno la Yohane kuwaziba midomo walio chini. Mtu hawezi kuridhika na kisichomlisha. Mtakatifu Paulo, katika 1 Wakorintho 9:7, anauliza ni askari gani anayejigharimia mwenyewe vitani. Nayo Katekisimu, namba 2434, inafundisha kwamba makubaliano ya pande mbili peke yake hayatoshi kuufanya mshahara uwe wa haki. Yaani kijana akisaini kwa sababu ya njaa, saini yake haimsafishi anayemlipa kidogo.

Kwa hiyo kuutaka mshahara si dhambi. Namba 2310 ya Katekisimu hiyohiyo inasema askari anayetimiza kazi yake kwa uadilifu anachangia manufaa ya taifa na amani. Mwenye kuchangia hivyo anastahili kula.

Lakini tumkumbuke Mtakatifu Martino wa Tours, tunayemwadhimisha 11 Novemba. Inasimuliwa kwamba mfalme alipokuwa akigawa fedha kwa askari kabla ya pigano, Martino alizikataa na kuomba aachiwe, kwa kuwa hakukusudia tena kupigana. Alijua kwamba kupokea ni kuahidi. Dhambi ipo hapo, ndugu zangu: kuupokea mshahara huku moyoni huna nia ya kutoa kile unacholipiwa.

Tena mshahara unaweza kukufikisha langoni mwa kambi, ila kukubakiza humo ni kazi nyingine. Usiku wa doria, mvua inanyesha, na wa nyumbani wako mbali, fedha peke yake haishiki moyo wa mtu.

Jioni, tukikusanya kokoa, nikamrudia. Nikamwambia: mdogo wangu, nilikujibu vibaya. Si dhambi. Nafasi zikitangazwa, omba. Ila jiulize hili: siku mshahara umechelewa, wewe una silaha, na mama anapita kizuizini na ndoo yake ya usipa, utamfanyaje?

Hakucheka safari hii. Akafunga mdomo wa gunia, akasema, "Hilo sijui bado, kaka."

Jibu lake lilikuwa la kweli kuliko langu la kwanza. Na wewe unayesoma, mwalimu, nesi, karani au askari, jiulize hivyohivyo leo kabla ya kulala.

Ee Bwana, uwajalie wanaotulinda ujira wa haki na mikono safi. Amina.