Maji ya Daudi na Maji ya Zigi

Somo: 2 Samweli 23:13–17



Wakati wa mavuno Daudi alikuwa katika pango la Adulamu, nao Wafilisti walikuwa wameushika Bethlehemu, mji aliozaliwa. Kiu ikamshika, akatamani maji ya kisima kilichokuwa karibu na lango la mji ule. Hakumwamuru mtu, alitamani tu kwa sauti. Mashujaa wake watatu walisikia, wakapenya katikati ya kambi ya adui, wakateka maji, wakamletea. Alipoyapokea hakuyanywa. Aliyamwaga yawe sadaka kwa Bwana, kwa maana aliona kwamba chomboni hamkuwa na maji tu, bali mlikuwa na uhai wa watu waliokwenda kuyateka.

Wako wasomaji wanaosema kwamba Daudi alipoteza maji bure. Sivyo. Alijua bei yake, na kwa kuwa aliijua, hakuweza kuyanywa kama mtu aliyeyaokota njiani.

Somo hili lafaa kutafakariwa baada ya safari ya siku moja waliyoifanya Wakristo wa mtaa wetu hapa Tanga, kwenda Muheza na Amani kutazama mashamba na misitu. Safari ilikuwa njema, na machungwa yaliliwa. Lakini Mkristo hasafiri kwa macho tu. Basi tuipitie njia ile mara ya pili tukiwa na swali la Daudi: haya tuliyoyafurahia yamemgharimu nani?

Tangu Pongwe twauona mkonge. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta nchini mwaka 1893, na miche iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo mkoa wetu ulipata jina duniani. Lakini walioukata mkonge kwa mikono yao walikuwa manamba, watu waliotoka mbali, kama vile Kigoma, Njombe na Msumbiji, na wajukuu wao ni majirani zetu mpaka leo.

Mbele yake ni Muheza, penye michungwa, na penye Magila yetu, ambako wamisionari wa UMCA walianza kazi katika miaka ya 1860. Mtu wa mjini hulipenda chungwa la Muheza, lakini ni mara ngapi humfikiria mkulima ambaye hulazimika kuyauza yakiwa bado mtini, kwa bei anayoitaja mwenye lori?

Kisha barabara yaacha tambarare, yapita Kisiwani na Sigi, yapanda kwa kona nyingi mpaka Amani. Huko Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, na miti waliyoileta kutoka nchi nyingi ingali imesimama. Huko pia, katika miamba yenye unyevu, huota lile ua dogo la zambarau ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, alipeleka mbegu zake kwao baada ya kuliona mwaka 1892. Leo ua hilo huuzwa katika vyungu Ulaya na Marekani, na wataalamu waliliita kwa jina lake. Kwao hupambwa madirishani. Kwetu huishi kwa kivuli cha miti mikubwa. Kivuli kikikatwa, nalo hufa.

Hapo ndipo penye jambo kubwa la safari yetu. Mvua ya Amani ni nyingi. Inaponyesha juu ya msitu, majani huipunguza nguvu, na majani makavu yaliyolala chini huinywa kama sifongo, kisha huyaachilia maji polepole mpaka kiangazi. Msitu ukifyekwa, mvua ile ile huteremka kwa kishindo, ikichukua udongo, na mto huwa tope masika na mkavu wakati wa jua. Mto huo ni Zigi. Maji yake hukusanywa katika bwawa la Mabayani, husafishwa, ndipo yafike katika mabomba ya Tanga. Kwa hiyo tulipopanda Amani hatukwenda ugenini; tulikwenda kwenye mdomo wa kisima chetu.

Sasa, ndugu zangu, ni nani wanaokilinda kisima hicho? Ni wakulima wa milimani. Kwa miaka mingi walipanda iliki chini ya miti mikubwa, wakifyeka vichaka vya chini. Iliki iliwasomesha watoto wao, lakini baada ya miaka kadhaa ardhi huchoka, na mkulima husogea mbele. Katika miaka ya 2000 msitu wa Derema ulitengwa uwe hifadhi ili kuviunganisha vipande vya misitu vilivyobaki. Wakulima zaidi ya elfu moja waliiacha iliki yao kule, wakalipwa fidia. Fidia hulipwa mara moja, bali iliki huvunwa mwaka hata mwaka. Wengine waligeukia kufuga vipepeo na kuwauza ng'ambo, na mwaka 2016 serikali ilipozuia kusafirisha wanyama hai nje ya nchi, kazi hiyo nayo ikapata pigo. Mnamo 2003 dhahabu ilionekana Sakale, watu wakafurika, na vijito vikachimbuliwa. Mwenye njaa akiambiwa asichimbe wala asifyeke, huambiwa abebe mzigo kwa ajili ya mtu wa chini ambaye hamjui.

Mtu huyo wa chini ni mimi na wewe.

Sisemi kwamba tuyamwage maji ya Zigi kama Daudi alivyofanya. Nasema tuyanywe kwa moyo wa Daudi.

Kwanza, tushukuru kwa kuwataja. Katika maombezi yetu huwaombea viongozi na wagonjwa. Tuwaombee pia wakulima wa Amani, ili watunzao msitu wasilale njaa kwa sababu yake.

Pili, tuwe wageni wa haki. Wazee walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mama anayeuza iliki na mdalasini kando ya barabara hupona tunapofika, ama tunamlalia bei mpaka anauza kwa hasara, kisha tunamwachia chupa za plastiki? Anayeshusha bei ya masikini kwa mzaha, na huku nauli ya safari ameilipa bila kunung'unika, bado hajamjua jirani yake.

Tatu, tusiharibu kilichogharimu. Bomba linalovuja uani si jambo dogo. Ni maji yaliyolindwa na jembe la mtu aliyekubali kuliweka chini.

Tena tukumbuke jambo moja la altareni. Padre anapoandaa kikombe, hutia maji kidogo katika divai. Hapa kwetu maji hayo ni ya Zigi. Ni maji hayo hayo tuliyobatizwa kwayo watoto wetu. Yametoka katika msitu wa Amani, yamepita mikononi mwa watu wasiojulikana kwetu, nayo huwekwa mbele ya Mungu pamoja na sadaka ya Yeye aliyeutoa uhai wake ili sisi tunywe bila kulipa. Je, tutayapokea mezani pake na kuwasahau wale walioyalinda njiani?

Mungu aumbaye milima na kuiteremsha mito atupe macho ya kuona, na mioyo ya kulipa deni la upendo, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.