Makayabu, Katwe na neno «wamezoea»

Makayabu ikikaa vibaya kwenye joto inaota wekundu. Huo wekundu ni vijidudu, na vilikuja na chumvi yenyewe, ile inayokaushwa juani. Hapo ndipo pa ajabu. Tunamtia samaki chumvi ili vijidudu vife: chumvi inanyonya maji ya miili yao, vinakauka. Hivi vyekundu havikauki.

Ndugu zao wako karibu nasi, Ziwa Katwe, upande wa Kasese. Ziwa liko ndani ya shimo la volkano, halina mto wa kutokea. Maji yanaingia, jua linayakausha, chumvi inabaki, mpaka inapita ya bahari mbali sana.

Mtu wa semina angevipenda vijidudu hivi. Semina zetu hazikosi lile neno ustahimilivu: «Nyinyi wakimbizi mna nguvu jamani!» Sawa, asante. Lakini tazama vinavyoishi. Havipigani na chumvi. Vimejaza chumvi nyingine, ya potasiamu, ndani ya miili yao ili ilingane na ya nje, na protini zao zimeumbwa kusimama ndani ya chumvi tu. Vitie kwenye maji matamu, kama ya Ziwa Edward lililo ng'ambo tu ya kilima cha Katwe, vitapasuka. Kwavyo chumvi siyo shida, ni nyumbani.

Sasa mama wa Nakivale ambaye mgao ulipopunguzwa alianza kupika mara moja kwa siku, naye yuko hivyo? Mgao ukirudi hatapasuka. Atapika mara mbili, na watoto watalala mapema. Kuvumilia kitu na kuumbwa kwa ajili ya kitu ni mambo mawili, na neno «wamezoea» linayachanganya. Likishachanganya, kupunguza tena kunakuwa rahisi, maana nani anamwonea huruma samaki kwa kulowa?

Utaniambia Nakivale ipo tangu 1958, kuna waliozaliwa humo na kuzeekea humo, na ukiwaambia wahame hawataki. Kweli. Ila waulize wanachopenda. Watakutajia majirani, migomba, kaburi la mzazi. Hakuna atakayetaja foleni.

Hata kule Katwe, wachimba chumvi wanasimama ndani ya maji yale miaka na miaka. Yanawachubua ngozi, na kesho wanarudi, kwa sababu ya ada za shule. Sijasikia mtu akisema ngozi zao zinahitaji chumvi.

Basi ndugu wa mashirika, kabla hamjaandika kwenye ripoti kwamba nina nguvu, niulizeni nimekula saa ngapi.