Uso wa Mzazi

Tarehe 26 Novemba 2010, mjini Tuscaloosa, timu ya Chuo Kikuu cha Alabama ilitangulia kwa pointi 24 kwa 0 dhidi ya mahasimu wao wa Auburn, kisha ikapoteza mechi kwa 28 kwa 27. Mchezo wenyewe ni futiboli ya Kimarekani, ya kofia ngumu na mpira wa umbo la yai, na wachezaji ni wanafunzi. Baada ya mechi hiyo shabiki mmoja wa Alabama, Harvey Updyke, mtu mzima wa zaidi ya miaka 60 aliyewahi kuwa askari wa jimbo la Texas, alimwaga sumu ya kuua mimea kwenye mizizi ya mialoni miwili mikongwe ya Auburn, ile ambayo watu wa mji ule walikuwa wakikusanyika chini yake kusherehekea kila ushindi. Januari 2011 alipiga simu redioni akajitangaza. Mialoni ilikatwa Aprili 2013 baada ya jitihada za kuiokoa kushindikana. Yeye alikiri kosa mahakamani, akafungwa, na akaamriwa kulipa fidia ya karibu dola 800,000.

Katika habari nzima, kilichonisimamisha ni jambo dogo lililoandikwa pembeni tu: mtu huyo alikuwa amewapa watoto wake majina yanayotokana na timu. Watoto wale hawana lawama yoyote. Lakini kabla hawajajua kuketi, walikuwa wamekwisha kuvishwa mapenzi ya mtu mwingine, na ndani ya mapenzi hayo mlikuwa na chuki ya mtu mwingine pia.

Naandika haya nikiwa Iowa, ambako Waswahili tumekuwa wengi. Katika Iowa City, Coralville na Cedar Rapids utasikia Kiswahili cha Bukavu, cha Uvira na cha Lubumbashi dukani, kanisani na kwenye kituo cha basi, na sisi wachache wa pwani tumejichomeka humo. Watoto wetu wamekua na Jumamosi za huku. Kuanzia mwisho wa Agosti hadi Novemba, mji mzima unavaa nyeusi na dhahabu, rangi za Hawkeyes, timu ya Chuo Kikuu cha Iowa. Mtoto wa darasa la kwanza anarudi nyumbani anajua nani tunampenda na nani tunamchukia, na hakuna mzazi aliyekaa naye kumfundisha. Wazazi wengi wa kwetu hulichukulia hilo kuwa mchezo wa watoto. Nadhani ni sehemu nzito ya malezi, na tumeiacha wazi bila mlinzi.

Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina. Siku hizi twajua kwamba hutazama zaidi uso. Mwaka 1985 watafiti huku Marekani walichapisha jaribio moja la watoto wa miezi 12. Walitumia meza ya kioo ambayo nusu yake ilionekana imara na nusu nyingine ilionekana kama imekatika na kuacha shimo fupi. Mtoto aliwekwa upande mmoja, mama na kitu cha kuchezea upande wa pili. Mama hakuruhusiwa kusema neno. Alitakiwa kuonyesha uso tu. Kati ya watoto 19 waliouona uso wa furaha, 14 walivuka. Kati ya 17 waliouona uso wa hofu, hakuvuka hata mmoja. Mwaka mmoja tangu kuzaliwa, na tayari uso wa mama unatosha kumwambia pa kukanyaga na pa kuogopa.

Bustanini ndipo jambo hili linapoonekana waziwazi. Kina mama wa Kikongo hapa hupanda lengalenga, bamia, pilipili na maharage kwenye vipande vidogo vya ardhi nyuma ya nyumba, na watoto ndio wachumaji. Ukifika Agosti, nyanya zimeshajaa, na kati ya miti ya kushikizia nyanya anatokea buibui mkubwa mweusi mwenye mabaka ya manjano, Argiope aurantia kwa jina la kitaalamu. Jike lina mwili wa kama sentimita mbili na nusu, mbali na miguu. Dume ni dogo sana, huwezi kuamini kwamba ni jamii moja. Utando wa jike ni wa duara, waweza kufika sentimita 60, na katikati umeshonwa mshono mweupe wa msumeno ambao wanasayansi bado wanabishana kazi yake. Ukiugusa, buibui anautikisa wote mbele na nyuma mpaka macho yako hayamshiki.

Mtoto akikutana naye, hutokea kitu ambacho nimekiona kwangu na kwa majirani, na hakikosei. Kwanza mtoto anasimama. Halafu, kabla hajalia wala kucheka, anageuza kichwa kumtafuta mtu mzima. Ni kitambo kidogo sana. Mama akipiga ukelele na kuchukua jembe, mtoto amepokea urithi wake. Mama akichutama, akamwita, wakatazama pamoja kutoka mbali kidogo jinsi panzi aliyenaswa anavyozungushwa kwa miguu ya nyuma na kufungwa nyuzi kama sanda, mtoto amepokea urithi mwingine. Kitambo hicho hakirudiwi kwa urahisi. Hofu iliyoingia siku hiyo itachukua miaka kuitoa.

Lakini uso mkunjufu peke yake hautoshi, na hapa sikubaliani na wazazi wanaodhani kumlea mtoto asiye na woga ni kumwambia kila kitu ni salama. Si kila kitu ni salama. Marekani ina mjane mweusi, jike jeusi linalong'aa lenye alama nyekundu ya umbo la saa ya mchanga tumboni, anayependa giza la chini ya mbao, vyungu na visanduku vya bomba la maji. Ina pia buibui wa kahawia mwenye alama ya fidla mgongoni. Hawa wawili si wengi Iowa, ila wapo, na sumu yao humdhuru mtu. Kwa hiyo mtoto anayechuma maharage lazima ajue: usitie mkono mahali usipopaona, vaa glavu unapoinua ubao, kung'uta viatu vilivyolala nje. Yule wa manjano na mweusi anayening'inia mchana kweupe haumizi mtu mwenye afya zaidi ya nyuki, na mara chache sana huuma. Kumfundisha mtoto kumtenga huyu na yule ndiyo kazi. Mzazi anayeua buibui wote ameikwepa, na anayesema wote ni wazuri ameikwepa vilevile.

Na ili ufundishe, ujue kwanza. Sisi tuliolelewa pwani tulipewa hadithi: usimuue buibui, maana ndiye aliyetanda utando mlangoni mwa pango la Thaur Mtume alipokuwa akisakwa na maadui zake. Hadithi ile ilizuia mikono yetu mapema, na naishukuru. Mtoto wa huku, ambaye mwalimu wake amempa lenzi ya kukuzia vitu, atauliza zaidi. Binti yangu aliuliza, "Baba, mbona anamla nyuki? Si ulisema anatusaidia?" Ni kweli anawala nyuki, kama anavyowala panzi na nzi; hachagui kwa faida yetu. Nilimwambia hivyo hivyo, kwamba buibui hayupo bustanini kwa ajili yetu. Alinyamaza, akaenda kumtazama tena. Oktoba, baridi ya kwanza inayogandisha umande humuua jike. Hubaki kifuko chake cha mayai, cha kahawia, kikavu kama karatasi, chenye mamia ya mayai na wakati mwingine zaidi ya elfu. Vitoto huanguliwa humo ndani msimu wa majani kupukutika, vikalala humo baridi yote, vikatoka masika. Wazazi wengi hufyeka bustani Novemba wakatupa kila kitu. Sisi tunaacha mabua yenye vifuko yasimame mpaka Mei, na mtoto ndiye mwenye zamu ya kuviangalia.

Nilipokwenda kutafuta maarifa hayo, sikuyapata katika chuo ambacho mji wetu unakishangilia. Niliyapata Ames, Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, kilichoanzishwa mwaka 1858 kama chuo cha kilimo na chenye kitengo cha kuwasaidia wenye bustani kutambua wadudu na magonjwa ya mimea. Timu ya chuo hicho ni Cyclones, wa nyekundu na dhahabu, mahasimu ambao watoto wa mtaani kwetu hufundishwa kuwazomea. Karibu kila mwaka mechi yao na Hawkeyes ni ya Septemba, buibui akiwa amenona. Jazba ya siku hiyo haina haja ya kuelezwa kwa mtu aliyekulia kati ya Simba na Yanga, au kati ya Mazembe na Lupopo.

Sina ugomvi na ushabiki. Unampa mtoto wa mgeni mahali pa kusimama, wimbo wa kuimba pamoja na jirani asiyemjua, sababu ya kusalimiwa dukani. Na mashabiki wa Hawkeyes wana jambo moja ambalo ningependa kila mzazi alione. Hospitali ya watoto ya Chuo Kikuu cha Iowa inapakana na uwanja wao wa Kinnick, na kutoka ghorofa zake za juu wagonjwa na wazazi wao wanaona mechi. Tangu msimu wa 2017, robo ya kwanza ikiisha, uwanja wote wa watu karibu 70,000 unageuka, unaupa mgongo mchezo, na kuwapungia mikono watoto walio madirishani. Wachezaji wanapunga, waamuzi wanapunga, na mashabiki wa timu ngeni wanapunga vilevile. Mtoto aliyeketi begani mwa baba yake pale Kinnick anauona uso wa baba ukigeuka kutoka kwenye ubao wa matokeo kwenda kwa mtoto mgonjwa asiyemjua. Hilo nalo linaingia, kwa mlango uleule yanamopitia matusi na mishipa ya shingo.

Tatizo huja mchana huo ukiisha, timu ikiwa imefungwa, tukiwa sebuleni. Nimekaa katika nyumba ambamo baada ya mechi watoto hutembea kwa vidole, kwa sababu wanajua leo baba haongeleki. Baba mwenyewe hajampiga mtu, hajamtukana mtu wa humu ndani. Amekunja uso tu, na atakuambia ana haki ya kukasirika kwa timu yake. Haki hiyo anayo. Ila mtoto wa miaka minne hawezi kujua kwamba uso ule ni wa mpira. Yeye anajua kwamba furaha ya nyumba yao inategemea jambo ambalo yeye hawezi kulirekebisha.

Kijana wetu wa pili amechagua Cyclones. Alisoma habari za George Washington Carver, aliyezaliwa utumwani, akawa mwanafunzi wa kwanza mweusi katika chuo hicho cha Ames na kuhitimu mwaka 1894, kisha akatumia maisha yake kuwafundisha wakulima maskini huko Tuskegee, Alabama. Moyo wake ukahamia Ames, na jezi nyekundu mimi na mama yake tukamnunulia. Jirani yangu mmoja, mtu ninayemheshimu, aliniambia kwamba nyumba lazima iwe na timu moja na baba ndiye wa kuitaja. Nilimjibu kwamba jezi ni jambo jepesi kuliko yote ambayo mwanangu ataniletea. Kesho kutwa ataniambia amefeli mtihani, au ameonewa shuleni, au hataki kusomea udaktari, au amempenda binti wa watu wasio wa dini yetu. Kabla ya kufungua mdomo ataniangalia kwanza, kama alivyoniangalia pale kwenye nyanya, na atakumbuka nilivyokuwa nikimtazama mezani jioni ya Septemba, timu yake ilipoifunga yangu.