Mgeni Kwenye Lango la Kiwanda

Mwaka 1972 Waasia walipofukuzwa Uganda, wengi walihamia Uingereza. Mwenye duka Kampala akajikuta Leicester, langoni mwa kiwanda, akiomba kazi ya mikono. Je, heshima yake ilipungua?

Abdurrahman bin Auf (r.a.) alipohamia Madina, nduguye Saad bin Rabii alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Alimwombea baraka, kisha akauliza soko liko wapi.

Basi mwanao akikueleza kuwa anafagia kiwandani huko ugenini, usimwonee haya mbele ya majirani. Wangapi wametuambia ni makarani, kwa kuogopa midomo yetu? Uwongo huo tumewafundisha sisi. Chumo la halali halina unyonge. Tuwaombee dua, tuwapunguzie madai.