Je, Furaha Yangoja Mshahara?

Ndugu zetu wasomaji, liko jambo latokealo katika nyumba nyingi za mji wetu, na kwa kuwa latokea ndani ya milango iliyofungwa, ni nadra kusemwa. Mtu hupatwa na khofu juu ya kazi yake: kazi ni ya kutwa, au mkataba ni wa miezi mitatu, au imesikiwa kwamba watu watapunguzwa. Tangu siku hiyo huona kucheka ni makosa. Jioni hatoki tena na wanawe kwenda kupunga upepo. Mshipi wake wa kuvulia umewekwa juu ya kabati. Mkewe akimsemesha, hujibu kwa neno moja. Akiulizwa ana nini, husema: nitafurahi mambo yakitengenea. Suala letu ni hili: je, ni haki mtu kuiakhirisha furaha yake na ya ahali yake mpaka awe na hakika ya riziki?

Kwanza yafaa tujue kwamba hakika hiyo si ada ya watu wa pwani. Neno letu lenyewe "kibarua" asili yake ni kile kijibarua alichopewa mtu wa kazi ya kutwa; jua likichwa, kazi imekwisha. Hapo Kilindini, kwa miaka mingi, wapakuzi wengi waliandikwa kwa siku moja moja, na meli isipokuja hapakuwa na ujira. Na zama zetu je? Mwaka 2018 mizigo ilianza kuchukuliwa na reli mpya mpaka Nairobi, na wengi waliokula kwa malori na kwa kazi za forodha wakaona riziki zao zapungua. Mwaka 2019 watu wakaandamana Mombasa kwa ajili ya jambo hilo. Mwaka 2020 maradhi ya korona yakafunga mahoteli ya ufuoni, na mwezi wa Mei mwaka huo Mji wa Kale wenyewe ukazuiliwa watu kuingia na kutoka. Septemba 2022 ndipo serikali ilipoamuru kazi ya kutoa mizigo irejeshwe bandarini. Basi mtu aliyesema mwaka 2018 kwamba atacheza na mwanawe mambo yakitengenea, mtoto wa miaka 6 alikuwa na miaka 10 siku amri hiyo ilipotoka. Kazi yaweza kurudi. Miaka ile minne hairudi.

Pili, tutazame ni haki ya nani iliyoakhirishwa. Katika Hadithi sahihi twasoma kwamba Salman al-Farisi alimzuru nduguye Abu Dardaa, akamwona mkewe amejiacha hali yake bila kujitengeneza, kwa sababu mumewe alifunga mchana na kusali usiku, asimwangalie. Salman akamzuia, akamweleza kwamba Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na ahali yake wana haki, na kwamba yampasa ampe kila mwenye haki haki yake. Khabari ilipomfikia Mtume, rehema na amani zimshukie, alithibitisha kwamba Salman amesema kweli. Basi na tupime. Ikiwa ibada, ambayo ni amali bora, haikuruhusiwa kula haki ya mke na ya mwili, je, wasiwasi utaruhusiwa? Na wasiwasi si kazi. Mtu aliyekaa kiti kimoja tangu magharibi mpaka usiku wa manane akiitazama dari hakuongeza hata senti moja katika riziki ya wanawe, bali ameipunguza nguvu ya kuitafuta kesho.

Huenda mtu akasema: asiye na kazi ana wakati tele, akitaka kustarehe ni nani amzuiaye? Jambo hili limechunguzwa. Katika kijiji cha Marienthal, nchini Austria, kiwanda cha nguo kilichowalisha karibu watu wote kilifungwa katika miaka ya 1929 na 1930. Wataalamu watatu, Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, wakatazama maisha ya watu wale, na mwaka 1933 wakatoa kitabu juu yake. Waliona kwamba vitabu vilivyoazimwa katika maktaba ya kijiji vilipungua kwa takriban nusu, ijapokuwa ada ya kuazima ilikuwa imeondolewa na saa za kusoma zilikuwa nyingi kuliko zamani. Wanaume walitembea polepole wakisimama-simama njiani, na wakiulizwa walifanya nini tangu asubuhi, walikosa la kusema. Wanawake, kwa kuwa nyumba iliwadai chakula na usafi kila siku, walitembea upesi zaidi. Funzo lililo humo ni kubwa: starehe haiji yenyewe kwa kuwa wakati ni mtupu. Khofu hula na ule wakati usio na bei. Hapana budi furaha iwekewe saa yake, kama vile kazi iwekewavyo.

Na saa hiyo haihitaji mali. Kumfundisha mtoto kufunga ndoana na kutia chambo; kushona kofia baada ya alasiri, mke na mume wakichaguliana viua; kumwagilia mwasumini ulio katika kopo; kucheza bao barazani na kuondoka kwa wakati; kwenda na watoto wote Makadara au ufuoni, na kashata za shilingi chache. Wenzetu wengi huyadharau mambo haya, kisha wakakopa ili wafanye harusi ya siku saba. Wameikosa furaha iliyo rahisi, wakainunua iliyo ghali kwa deni.

Lakini hatusemi kwamba kila kipumbazo ni chema. Wako wanaokwenda kutafuna mirungi na kucheza karata mpaka alfajiri, nao husema waondoa mawazo. Kipimo chake ni chepesi: je, jambo hili lamrudisha mtu kwa watu wake, au lamkimbiza? Mwenye kuvua na mwanawe hurudi nyumbani akiwa na samaki au hana, lakini hurudi na mwanawe. Vilevile mtu asifanye furaha kuwa pazia la kuficha. Mke ana haki ya kujua kwamba kazi iko mashakani, na mwenye deni ana haki ya kuambiwa ukweli. Kicheko kilichojengwa juu ya siri hakidumu.

Wala mwajiri asije akayachukua maneno yetu akasema: mafukara wameambiwa waridhike, basi na waridhike. Sivyo. Kukinai si kunyamaza juu ya dhulma. Wafanyakazi wa Mombasa waliogoma Januari 1947 walidai ujira wa kutosha, na katika miaka ya 1950 wapakuzi wa bandarini wakaandikishwa rasmi. Watu waliochoka na kuvunjika moyo hawawezi kudai kitu. Mtu ambaye nyumba yake bado ina mazungumzo na kicheko ndiye aliye na jambo la kulipigania.

Basi ambaye kazi yake haina hakika, asubuhi na atoke mapema aitafute riziki kwa bidii zake zote, na lililo haki yake alidai. Jioni ikiingia, na auteremshe mshipi ule kutoka juu ya kabati, amwite mwanawe. Hilo si kughafilika na dhiki. Ni kulipa deni la leo kwa leo, kwani la kesho hatukupewa. Twamuomba Mwenyezi Mungu atukunjulie riziki zetu, na kabla ya hapo azikunjue nyuso zetu mbele ya watoto wetu.