Hataki au Hawezi?

Ndugu msomaji, je, yajuzu kumwadhibu mtu kwa jambo asiloliweza?

Chuoni kwangu alikuwako mtoto wa miaka minane asiyetulia mkekani. Aya moja haimalizi ila keshainuka. Nikamchapa bakora, nikidhani ni ukaidi. Majirani wakasema ana pepo. Mamake, baada ya kulia sana, akampeleka kwa daktari. Maradhi haya ya kukosa utulivu na makini hayana kipimo cha damu. Daktari huuliza: dalili zimetimiza miezi sita? Zaonekana nyumbani na chuoni pia? Karatasi ya maswali ikaletwa kwangu. Nilipoijaza nikaona kwamba niliyoyaita ukaidi ndiyo dalili zenyewe. Mama akaambiwa: asili yake ni ubongo, si malezi yako.

Wala si maradhi ya leo. Mwaka 1902, huko London, daktari George Still alieleza habari za watoto wenye akili timamu wasioweza kujizuia.

Utasema: "Basi mtoto asitiwe adabu?" Hasha! Adabu ni haki yake. Lakini adabu ni kumfundisha kwa njia aiwezayo: somo fupi, akae karibu na mwalimu, asifiwe atendapo vyema, na dawa iwapo daktari ameona yafaa. Dua na dawa hazigombani. Mola wetu hatukalifishi tusiyoyaweza. Mwalimu ni nani hata amkalifishe mtoto?

Nilimwomba radhi yule mtoto mbele ya mamake. Nawe, kabla hujainua mkono, jiulize: hataki, au hawezi?