Kibla, Taimingi na Haki ya Kuiacha Alama

Nani ana haki ya kuiacha alama aliyoikuta? Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu walio wengi wa pwani yetu, wamelijadili swali hili karne nyingi kupitia kibla. Imamu Shafii mwenyewe, aliyefariki mwaka 820, aliutumia mfano huo katika kitabu chake, Risala, kueleza ijtihadi, yaani juhudi ya kutafuta kwa dalili: aliye mbali na Kaaba haioni, lakini hakuachiwa aelekee apendako, amepewa akili, na jua, nyota, milima na pepo za kumwongoza. Swali hilohilo humkabili fundi wa Bungu, kandokando ya barabara ya Kilwa, anaporudisha pampu ya dizeli kwenye trekta kuukuu ambalo mwenyewe anataka lilime kabla ya masika.

Chukua Massey Ferguson 135, lililoanza kuundwa mwaka 1964, lenye injini ya Perkins ya silinda tatu. Pampu yake ina mstari uliochorwa ubavuni, na injini ina wa kwake. Bolti zimepita katika matundu marefu, hivyo pampu yaweza kuzungushwa kidogo huku au kule. Mistari ikikutana, dizeli inapulizwa pistoni ikiwa bado inapanda, kwa kuwa mafuta hayawaki papo hapo. Pampu huzunguka mara moja kranki ikizunguka mara mbili, basi ukiisogeza digrii 1 umebadilisha digrii 2 za kranki. Na injini ikienda mizunguko 2,000 kwa dakika, digrii moja ya kranki hupita katika sehemu moja ya 12,000 ya sekunde. Fundi anayelinganisha mistari bila kuuliza anafanya taklidi, yaani anamfuata mwingine bila kudai dalili, na maadamu pampu na injini ni zile zilizotoka pamoja kiwandani, sina ugomvi naye. Lakini trekta kuukuu lina historia. Gia za taimingi zimelika, au zilirudishwa zikiwa zimeruka jino, au pampu imetolewa kwenye injini nyingine iliyokwisha kufa. Mistari bado inakutana vizuri tu, ila haishuhudii chochote.

Atatokea wa kusema kwamba namdhalilisha Mungu kwa kuweka kibla na spana katika mizani moja. Pingamizi hilo linachanganya vitu viwili. Kaaba haina mjadala, na vivyo hivyo mahali pistoni inapofikia kileleni. Hakuna fundi anayepapigia kura. Kinachojadiliwa ni mihrabu, na mihrabu imejengwa na mwashi. Kutoka Bungu, Makka iko karibu kaskazini kabisa, umbali wa kilomita 3,200 hivi kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo ukuta uliopinda digrii 1 unamkosesha anayeufuata kwa kilomita zaidi ya 50. Hata hivyo mafakihi waliruhusu mihrabu ya msikiti uliosaliwa na vizazi vya Waislamu ifuatwe bila kupima upya. Ukuta haukupata utakatifu. Umekwisha kupitiwa na macho mengi ya watu wenye ujuzi, na mamlaka yake ni ya kuazima kwao. Mstari wa pampu nao umeazima mamlaka kwa aliyeupima. Ukiuhamishia injini ambayo hakuipima, mkopo umekwisha.

Pingamizi zito zaidi hutoka kwa mafundi wenyewe: wapo wanaozungusha pampu huku wakisikiliza, injini inatulia, shamba linalimwa, mteja analipa. Sikio ni shahidi, sikatai, lakini ni shahidi mwenye upendeleo. Dizeli ikiingia mapema mno, injini inagonga na kila mtu anasikia. Ikichelewa, mlio unalainika na mwenye trekta anafurahi; hasara inakuja baadaye, shambani, kwa moshi, joto na nguvu iliyopungua. Na hata sikio likipatia, bado swali halijajibiwa. Kwa Mashafii, mwenye uwezo wa kutafuta kibla kwa dalili akisali bila kutafuta, hutakiwa kuirudia sala yake hata kama ilitokea akaelekea sawasawa. Zamani niliona hukumu hii kali kupita kiasi. Sasa naiona ya haki. Fundi anayejua kwamba ringi zilizolika hupunguza joto la mgandamizo, na joto likipungua mafuta huchelewa kuwaka, akaitanguliza pampu kidogo kwa sababu hiyo, hayuko sawa na aliyezungusha mpaka mlio ukampendeza, hata kama mikono yao imesimama mahali pamoja. Wa kwanza anaweza kuieleza kazi yake, na kwa hiyo anaweza kuisahihisha.

Ijtihadi basi ni kazi, tena yenye kuchosha: kuiacha vali ikae juu ya pistoni ya silinda ya kwanza na kusoma kwa geji ilipofika, kufungua kifuniko cha ubavuni mwa pampu na kuitazama alama ya ndani, ndipo kukaza bolti. Wengine husema mkulima hana muda wa hayo, mvua haingoji. Sheria inalijua jambo hili, na ina huruma: ijtihadi haivunjwi na ijtihadi nyingine, na aliyepima kwa uwezo wake hadaiwi tofauti iliyobakia maadamu kosa halijathibitika kwa yakini. Ila huruma hiyo inaanzia baada ya kupima. Mwenye trekta, ambaye mara nyingi hajui pampu kwa ndani, ana ruhusa ya kipofu anayetafuta kibla, yaani kumfuata mwaminifu ajuaye. Anachodaiwa ni kumchagua huyo vizuri. Fundi anadaiwa zaidi, kwa sababu mapokeo ya Mtume yanambebesha dhamana anayetibu watu bila kujulikana kwa utabibu, na sioni kwa nini injini iliyobeba chakula cha nyumba iwe na hukumu nyepesi zaidi. Akishapima, achore mstari mpya kwenye injini na kuukwangua ule wa zamani, maana atakayeifungua pampu hiyo baada yake akikuta miwili hatajua ni upi uliopimwa.